Kujenga vibanda vya abiria kwa fedha za matangazo: mwongozo kwa halmashauri na kampuni za mabango

Mpango huu si mpya. Mwaka 1964, mjini Lyon, Ufaransa, Jean-Claude Decaux aliwapelekea wakuu wa mji pendekezo jepesi: kampuni yake ingejenga vibanda vya abiria, ingevisafisha na kuvikarabati, na mji usingetoa hata senti. Yeye angebaki na haki ya kuuza nafasi za matangazo kwenye vibanda hivyo. Alichokuwa akiuza kwa mji hakikuwa chuma wala bati. Kilikuwa ufagio, ndoo ya maji na fundi anayefika siku ileile kioo kinapovunjika.

Katika miji yetu nusu ya kwanza ya mpango huo imeigwa sana, nusu ya pili ikaachwa. Kibanda kinazinduliwa kwa utepe, na baada ya miaka miwili bango limechanika, bati limeng'oka, abiria wamesimama juani kwa sababu ndani kunanuka mkojo. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata taasisi za Tanzania Bara. Aliye Kenya ataweka KeNHA na KURA, mamlaka za barabara za huko, pamoja na serikali ya kaunti, mahali pa wakala zetu za barabara, TANROADS na TARURA, na halmashauri. Mengine yote hayabadiliki sana.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya kuhesabu vibanda

Tembelea kila kituo siku tatu: siku ya kazi ya kawaida, siku ya gulio au soko, na Jumamosi. Hesabu saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 alasiri hadi saa 1 usiku. Kila robo saa andika wangapi wanasubiri. Usihesabu wanaopita, hao wana faida kwa mtangazaji lakini si sababu ya kujenga kibanda. Kwa kila kituo andika pia:

- upana wa nafasi kutoka ukingo wa lami hadi mtaro au ukuta wa jirani;
- barabara ni ya nani;
- maji ya mvua yanaelekea wapi;
- magari yanapita kwa kasi au yanatambaa kwenye foleni;
- nani tayari anafanya biashara pale: mama lishe, wauza vocha, kijiwe cha bodaboda.

Foleni, ambayo abiria huilaani, ndiyo mali ya kituo. Dereva aliyekwama dakika tatu mbele ya bango amelisoma lote, hata namba ya simu.

Baada ya hapo gawa vituo katika makundi matatu. Kundi A ni vile ambavyo mtangazaji atavigombania: karibu na soko kuu, hospitali, makutano yenye taa. Kundi B vitauzika kwa bei ya chini. Kundi C ni vile vyenye abiria wengi lakini visivyo na mnunuzi wa tangazo, kama kituo cha mwisho cha daladala pembezoni mwa mji, au mbele ya zahanati ya kata. Makundi haya yasitenganishwe hata siku moja kwenye zabuni. Ukiuza A peke yake utapata vibanda vizuri mjini kati, na hutampata tena mtu wa kujenga C.

Hatua ya 2: Pata ridhaa ya mwenye barabara kwa maandishi

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Leseni za njia za daladala hutolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo nao wajue unakusudia kuimarisha kituo kipi, usije ukajenga mahali ambapo njia inahamishwa. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na karibu kila kibanda utakachojenga kitakuwa ndani yake. Barabara ikipanuliwa, kibanda kitaondoka. Ndiyo maana ridhaa iandikwe kwa kila kituo, na iseme nani atagharamia kukihamisha. Ndiyo maana pia nguzo zifungwe kwa boliti badala ya kuzikwa kwenye zege, kama tutakavyoona.

Ada ya mabango nayo ina historia ya kuhama mikono; mwaka 2017 ukusanyaji wake ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya mapato. Kabla ya kutangaza zabuni, pata barua inayosema leo nani anaitoza, kwa kipimo gani, na kama bango la kibandani linahesabiwa sawa na bango kubwa la barabarani. Mzabuni asiyejua jibu ataweka bei ya woga, au atashinda kisha adai msamaha.

Mwisho, wapelekee ramani watu wa maji, umeme na nyaya za simu. Shimo la sentimita 70 linatosha kabisa kukata bomba la mtaa mzima.

Hatua ya 3: Piga hesabu, kwa kalamu isiyo na matumaini

Hapa ndipo miradi mingi hufa, na hufa kabla haijaanza. Tuchukue fungu la vibanda 12: A vitano, B vinne, C vitatu. Bei zilizomo ni za mfano, badilisha uweke za mji wako. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) haimo.

Kila kibanda cha A na B kina nyuso mbili za tangazo. Uso wa A tuukadirie Sh 250,000 kwa mwezi, wa B Sh 120,000. C tuziweke sifuri. Nyuso zote zikiwa na mteja, mwezi unaingiza Sh 3,460,000. Lakini hazitakuwa na mteja zote. Kwa asilimia 60, mapato ya mwaka ni Sh 24,912,000.

Sasa matumizi. Usafi, Sh 60,000 kwa kibanda kwa mwezi, ni Sh 8,640,000 kwa mwaka. Bima na umeme tuseme Sh 1,500,000. Akiba ya matengenezo, asilimia 3 ya gharama ya ujenzi. Kamisheni ya anayetafuta wateja, asilimia 15 ya mapato, Sh 3,736,800.

Kibanda kikigharimu Sh milioni 9, ujenzi wote ni milioni 108 na akiba ya matengenezo ni Sh 3,240,000 kwa mwaka. Kinachobaki mkononi ni Sh 7,795,200. Mwekezaji atarudisha fedha zake baada ya karibu miaka 14, kabla ya riba ya benki na kabla ya ada ya mabango. Hakuna atakayekuja.

Punguza gharama ya kibanda iwe milioni 5.5, yaani paa, benchi na boksi la tangazo bila mapambo. Ujenzi unashuka hadi milioni 66 na kinachobaki kwa mwaka kinapanda hadi Sh 9,055,200: miaka saba na kitu. Sasa pandisha nyuso zenye wateja kutoka asilimia 60 hadi 75. Kinabaki Sh 14,349,000, na fedha zinarudi chini ya miaka mitano.

Hesabu hiyo inasema mambo mawili ambayo baraza la madiwani halipendi kuyasikia. Kwanza, mkataba wa miaka mitatu haujengi kibanda chochote cha maana. Miaka 8 hadi 10 ndiyo inayoeleweka. Pili, fedha haziko za kutosha kujenga, kusafisha na papo hapo kuilipa halmashauri kodi nono ya nafasi. Halmashauri ikidai Sh milioni 1 kwa kila kibanda kwa mwaka, ile milioni 14.3 inabaki milioni 2.3, na kitakachokatwa kwanza ni mshahara wa mfagiaji. Chukua kodi ndogo mwanzoni, kisha asilimia ya mapato yanayozidi kiwango mlichokubaliana.

Hatua ya 4: Chagua nani ajenge na nani amiliki

Njia ya kwanza ni ya Lyon: kampuni inajenga, inatunza, inauza matangazo, na mwisho wa mkataba vibanda vinakuwa vya mji. Ya pili, halmashauri inajenga kwa fedha zake na kumpa wakala kazi ya kuuza nafasi na kutunza. Ya tatu ndiyo inayopendwa kwetu: benki au kampuni ya simu inajenga vibanda vyenye rangi zake. Hii ya tatu ni ya haraka kuliko zote, lakini tangazo ni kibanda chenyewe. Kampuni ikibadilisha rangi au kufunga bajeti ya mwaka, hakuna anayekumbuka bati linalovuja. Ukiikubali, dai fedha za matunzo ya miaka mitano ziwekwe kwenye akaunti maalumu siku ya kusaini.

Los Angeles inafaa kutazamwa kabla ya kuchagua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji huo uliingia mkataba wa miaka 20 wa njia ya kwanza. Vibanda vilivyojengwa vilikuwa pungufu sana ya vilivyoahidiwa: kila eneo lilihitaji vibali vya idara nyingi, wakazi na madiwani walikuwa na nafasi ya kupinga, na kampuni haikuwa na sababu ya kupigania kituo kisicho na mnunuzi wa tangazo. Mkataba ulipokwisha, mji uligeukia mpango ambao wenyewe unagharamia na kumiliki vibanda. Kwa halmashauri yenye mtaji, njia ya pili ni bora. Isiyo na mtaji itumie ya kwanza, lakini vibali vyote iwe imevikusanya yenyewe kabla ya zabuni.

Hatua ya 5: Mchoro

Urefu mita 4, kina mita 1.5 hadi 1.8. Paa mbele liwe mita 2.5 kutoka chini na nyuma mita 2.25, likiinamia nyuma ili maji yasiwamwagikie wanaopanda gari. Ukingo wa paa ubaki sentimita 60 nyuma ya ukingo wa lami, la sivyo kioo cha pembeni cha basi kitaling'oa. Acha njia ya waenda kwa miguu ya mita 1.5 au zaidi, mbele au nyuma ya kibanda. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45 na lisijaze urefu wote: acha upana wa sentimita 90 kwa kiti cha magurudumu, au kwa mama mwenye mzigo.

Boksi la tangazo liwekwe upande ambao basi halitokei. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama kibandani ukiitazama barabara, gari linatokea kuliani kwako; boksi likae kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume chake. Kosa hili ni la kawaida mno. Boksi likiwekwa upande wa basi, abiria hawalioni gari linakuja, wanatoka kusimama barabarani kuchungulia, na kivuli ulichojenga kinakaa kitupu. Likiwekwa upande sahihi, dereva anayekuja analiona bango kupitia uwazi wa kibanda, yaani hata mtangazaji amefaidika.

Nguzo nne za bomba la mraba milimita 75 kwa 75, unene milimita 3. Mihimili ya paa 40 kwa 40, unene milimita 2. Bati geji 28. Geji 30 itapiga kelele na kukunjika. Kila nguzo ichomelewe kitako cha bamba la sentimita 20 kwa 20, unene milimita 10, lenye matundu manne.

Msingi wa kila nguzo ni shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 70, lenye boliti nne za milimita 16 zilizopinda chini. Mashimo manne yanakula takribani mita moja ya ujazo ya zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nunua mifuko saba ya saruji ya kilo 50. Mafundi watakuambia shimo la sentimita 40 linatosha kwa sababu kibanda ni chepesi. Wepesi wake ndio tatizo. Upepo hausukumi paa chini, unalinyanyua, na kinacholizuia ni uzito wa zege.

Miji ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, ina adui wake: chumvi. Chuma kizamishwe kwenye zinki baada ya kukatwa, kutobolewa na kuchomelewa karakana. Ukichomelea eneo la kazi, zinki inaungua na kutu inaanzia hapohapo kwenye mshono. Vipande viunganishwe kwa boliti.

Kuhusu wezi wa vyuma chakavu, benchi la chuma au alumini litaondoka. Mimina bamba la zege la unene wa sentimita 8 lenye nondo za milimita 10, juu ya miguu miwili ya zege. Nati zitumie zile ambazo kichwa hukatika zikikazwa. Ukizichomelea, siku ya kubadilisha nguzo iliyogongwa utalazimika kuikata.

Boksi la tangazo liwe la milimita 1,200 kwa 1,800, kipimo ambacho wachapaji na wabunifu wengi wanakijua. Kila kipimo cha pekee kinakuongezea gharama ya kuchapa. Funika kwa polikaboneti ya milimita 4 au 5 yenye kinga ya jua. Isiyo na kinga hugeuka njano, na mteja hataki uso wa mwanamitindo wake uonekane kama una homa. Toboa matundu madogo chini ya boksi na kuyaziba kwa wavu, la sivyo wakati wa masika unyevu utaganda ndani na karatasi itajikunja. Taa za LED zichukue umeme kutoka nguzo ya taa za barabarani kama mwenye taa ameridhia. Ukitumia sola, betri ikae juu ya paa ndani ya sanduku la chuma.

Hatua ya 6: Zabuni

Mwanasheria wa halmashauri aamue mapema kama mradi unakwenda kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 au kwa Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi. Ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Usitoe alama nyingi kwa anayeahidi kodi kubwa, kwani huyo ndiye atakayekuja kuomba mkataba ubadilishwe mwaka wa pili. Mgawanyo unaofaa: alama 40 kwa mpango wa matunzo wenye majina ya kazi, ratiba na vifaa, 30 kwa idadi ya vibanda vya kundi C, 20 kwa kodi, 10 kwa uzoefu. Dhamana ya utekelezaji iwe asilimia 10 ya thamani ya ujenzi, ya benki, na isikwishe ujenzi unapokamilika. Iendelee kuishi kwa miaka yote ya matunzo, maana bila hiyo faini zote za mkataba ni maneno matupu.

Hatua ya 7: Vifungu ambavyo mkataba usikose

Usafi: kundi A kila siku kabla ya saa 12 asubuhi, B na C angalau mara tatu kwa wiki, pamoja na kubandua karatasi za waganga na za mikopo ya haraka. Hizo zikikaa wiki moja bila kubanduliwa, zitavuta nyingine ishirini.

Matengenezo: kitu cha hatari, kama waya wazi au polikaboneti iliyovunjika, saa 24, taa, saa 72, paa na benchi, siku 7. Kila kibanda kiwe na namba yake na namba ya simu ya malalamiko, iliyoandikwa kwa rangi isiyofutika.

Mfuatano wa ujenzi: kwa kila vibanda vitano vya A na B, kimoja cha C kiwe kimekamilika ndipo matangazo yawashwe. Bila kifungu hiki, C zitapangwa mwisho, na mwisho huo hautafika.

Nafasi za umma: asilimia 10 ya nyuso zibaki kwa matangazo ya chanjo, kipindupindu, ratiba za usafiri. Uso wowote uliokaa siku 60 bila mteja uwekewe tangazo la umma. Bango tupu lililofifia linawaambia wateja wengine kwamba hapa hakuna soko.

Maudhui: sigara hapana. Pombe isiwekwe karibu na shule na nyumba za ibada, na umbali uandikwe kwa mita. Vipodozi vya kuchubua ngozi na dawa zisizosajiliwa, hapana. Siasa ama zizuiwe zote, ama bei na nafasi ziwe sawa kwa vyama vyote.

Mwisho wa mkataba: ukaguzi wa pamoja miezi sita kabla, orodha ya kasoro, na dhamana isirudishwe hadi zirekebishwe.

Hatua ya 8: Jenga vitatu kwanza

Kimoja cha kila kundi, kisha subiri siku 90. Zege lipewe siku 7 za kumwagiliwa maji kabla ya kusimamisha nguzo. Katika siku hizo 90 utaona abiria wanasimama wapi hasa, jua la saa 9 linaingilia upande gani, na nani amehamia kivulini.

Atakayehamia ni mfanyabiashara, na kumfukuza ni kazi ya kila siku isiyo na mwisho. Mpe mama lishe au muuza vocha mmoja eneo lililochorwa kwa rangi nje ya paa, umwandikie makubaliano: anafagia, anatoa taarifa ya uharibifu kwa simu, analipwa ile Sh 60,000 ya usafi. Atakilinda kibanda kuliko mgambo, kwa kuwa kikichafuka yeye ndiye anayepoteza wateja. Na bodaboda, kaa na viongozi wao wa kijiwe kabla ya kuchimba shimo la kwanza, waonyeshwe pa kuegesha. Ukiwapita, watavitumia vibanda vyako kama maegesho na utashindwa kuwatoa.

Hatua ya 9: Uza nafasi

Mashirika makubwa hununua kupitia mawakala wao na hutaka nyuso nyingi kwa mpigo. Wape bei ya fungu, mfano nyuso tano za A na tatu za B kwa miezi 3. Lakini zinazojaza pengo ni biashara za mtaani: duka la dawa, shule binafsi, duka la vifaa vya ujenzi, saluni. Hao hawawezi kulipa miezi 12. Wauzie mwezi mmoja mmoja kwenye kundi B, na gharama ya kuchapa uitaje mapema na kando, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Shule hununua Novemba hadi Januari. Wauza nguo na vyakula hununua kuelekea Ramadhani na Krismasi. Panga matengenezo ya mabango katika miezi iliyolala.

Maneno ya tangazo yasizidi saba au manane, na namba ya simu iwe moja. Ndani ya saa 48 za kubandika, mpelekee mteja picha mbili zenye tarehe, moja ya mchana na moja ya usiku taa ikiwaka. Mteja aliyepiga simu kuuliza kama tangazo lake limetundikwa ni mteja ambaye hatarudi.

Hatua ya 10: Kagua kwa miguu

Ofisa mmoja, si kamati, atembelee vibanda vyote mara moja kwa mwezi bila kutoa taarifa, akiwa na karatasi yenye mistari minane: paa, benchi, sakafu, taa, boksi, harufu, karatasi zilizobandikwa, na idadi ya watu walio kivulini ukilinganisha na walio nje. Mstari huo wa mwisho upe uzito kuliko mingine. Watu kumi wakiwa wamesimama juani pembeni ya kibanda kitupu, usiandike kwamba kibanda kiko salama. Ingia ndani, kaa kwenye benchi dakika tano, utajua wanakikimbia kwa nini.